Zege au mbao: tulivyobishana uani kwa Mama

Wiki hii zamu ya kuandika imetuangukia sisi wa Tororo. Tumesoma mliyoandika wenzetu, mengine yametutoa machozi. Ya kwetu ni habari ya matope. Tusomeni tu hadi mwisho, mtaona kwa nini matope yalitugombanisha karibu mwezi mzima.

Sisi ni vijana tisa. Watano tulitoka Kenya mwanzoni mwa 2008 tukiwa watoto, watatu wametoka Kongo, mmoja ametoka Sudan Kusini. Wengi wetu makaratasi yetu ni ya Kiryandongo, na kule kambini tunajitolea: kutafsiri, kupanga foleni, kusaidia wazee kujaza fomu. Lakini mahali petu pa kukutana ni hapa Tororo, uani kwa Mama. Mama ni mama mzazi wa wawili tu kati yetu, ila ukishakula chapati zake mara tatu, jina lingine la kumwita huna.

Mama amepanga nyumba ya vyumba viwili nje kidogo ya mji. Ukisimama mlangoni unaliona Jiwe la Tororo, lile jiwe kubwa lililosimama peke yake kama limesahauliwa na mtu. Nyuma kuna ua wa mita tano kwa nne, na ndio hoteli yake. Asubuhi anauzia chai na mandazi vijana wa boda boda, mchana chapati na maharagwe. Jioni wateja wakiisha tunafundisha watoto hapo hapo, Kiingereza na hesabu. Jumapili ni kikao chetu.

Sasa, anayeijua mvua ya huku kuanzia Machi hadi Mei anaelewa. Ua ule ulikuwa udongo mtupu. Mvua ikishika siku mbili, miguu ya mabenchi inazama, sufuria zinakaa upande, watoto wanaandika daftari likiwa kichwani kwa mwenzao. Tulitupa maganda ya kahawa, tukatupa kokoto, tukaweka mbao za paleti. Vyote vilimezwa. Siku moja mzee wa watu aliteleza na kikombe cha chai mkononi, chai ikamwagika mkononi mwake akaungua. Mama alimpaka asali, akamsindikiza zahanati, akalipia dawa. Aliporudi alitupa kitambaa chake cha mabega mezani akasema, "Wanangu, ama tutie sakafu hapa, ama nifunge."

Tukafungua kisanduku cha akiba. Kila mmoja alikuwa amefikisha shilingi 130,000 za Uganda, kwa hiyo jumla ni 1,170,000. Pesa hiyo tulikuwa tumeiweka kwa miezi mingi, na haikuwa na jina. Wengine waliota simu ya kufundishia, wengine mashine ya kushona. Lakini Mama ndiye anayetulisha, na uani kwake ndiko shule yetu iliko, kwa hiyo juu ya sakafu hatukubishana. Ubishi ulikuwa juu ya aina ya sakafu.

Mmoja wetu ana picha nyingi kwenye simu. Akatuonyesha nyumba za Wazungu, nyuma ya nyumba kuna jukwaa la mbao limeinuliwa kidogo kutoka chini, watu wamekaa juu yake wanachoma nyama. Akasema hiyo inaitwa deki. Sisi tukacheka sana, maana kwetu kupiga deki ni kufuta sakafu kwa tambara. Tukamwambia, leta ndoo basi uipige. Lakini tulipoacha kucheka tuliona kwamba ana hoja. Maji yanapita kati ya mbao yanaenda chini. Mguu haushiki matope. Na hoja ya mwisho ndiyo ilitunyamazisha. Alisema, "Tukihama tunaifungua, tunaondoka nayo."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, na ili muelewe inabidi turudi nyuma kidogo.

Sisi watano wa Kenya tulivuka Busia na Malaba na wazazi wetu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ilipowaka. Maelfu ya watu walivuka mpaka wiki zile. Wengi wetu tulipelekwa Mulanda, hapa hapa wilaya ya Tororo, kwenye kambi ya muda. Tulikuwa wadogo, kwa hiyo tunachokumbuka ni mambo ya watoto: harufu ya turubai jipya, foleni ya uji, ardhi baridi inayopenya mkeka usiku. Mji wa Tororo unatengeneza saruji tangu miaka ya 1950, magari yanatoka kiwandani usiku na mchana, na sisi katika wilaya hiyo hiyo tulikuwa tunalala juu ya udongo. Wala hakuna aliyeona ni ajabu. Tulikuwa wapita njia, na wapita njia hawatiliwi sakafu. Baadaye mwaka huo huo wa 2008 tukahamishiwa Kiryandongo, tukapewa viwanja vya kujenga na kulima.

Tangu siku hizo tuna tabia ambayo nyinyi wengi mnaijua bila kuambiwa. Kitu chetu lazima kikunjike. Kitanda cha kamba, meza ya kufungua miguu, godoro jembamba, nguo ndani ya begi hata kama kabati lipo. Waliokaa Kakuma wanatuambia ni vile vile. Kambi ile ilifunguliwa 1992, na kwa miaka mingi kujenga kitu cha kudumu hakukutakiwa, kwa sababu nyumba ya kudumu inasema jambo ambalo hakuna mtu aliyetaka lisemwe. Hapa Uganda sheria ni pana zaidi, mkimbizi anaweza kufanya kazi na kutembea. Lakini kuruhusiwa kukaa ni jambo moja, na moyo kukubali kwamba umekaa ni jambo lingine.

Kwa hiyo mtu aliposema "tunaondoka nayo," mioyo yote iliitikia. Tukaamua twende Busia tukaulize bei ya mbao.

Kwa nini Busia? Kwa sababu mbao nyingi nzuri zinazoingia Kenya kutoka Kongo zinapita Uganda na kutokea pale. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma, na mahitaji ya mbao za nje yakawa makubwa. Ukisimama barabarani Busia unaona malori yamejipanga, mengine saruji, mengine mahindi, mengine mbao zimefungwa minyororo. Mji wenyewe ni mmoja wenye nchi mbili. Hata jina la boda boda inasemekana lilizaliwa huku mpakani, watu wa baiskeli walipokuwa wakivusha abiria wakiita "boda! boda!"

Tulienda watatu: wawili kati yetu wa Kenya, na kaka yetu anayetoka upande wa Beni. Tulibaki upande wa Uganda. Sisi wa Kenya hatuvuki ovyo, maana mkimbizi akirudi mwenyewe kwenye nchi aliyoikimbia, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama bado anahitaji ulinzi. Kwa hiyo tulisimama tukaitazama Kenya ikiwa hatua chache, mama mmoja anauza ndizi kule, muziki tunausikia, halafu tukageuka tukaingia uwanja wa mbao.

Muuzaji ni mzee mwenye kalamu sikioni. Tukamwambia tunataka mbao za kuweka nje, mvua na jua. Akatuonyesha mkalitusi, bei nafuu. Akatuonyesha msonobari uliotiwa dawa. Halafu akatupeleka nyuma, kwenye mbao nyekundu nyekundu, nzito, akazipiga kofi kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni. "Hii ni libuyu. Ya Kongo."

Kaka wa Beni hakungoja kuambiwa. Alishaishika. Alipitisha kiganja taratibu, akainama akanusa mwisho wake pale ilipokatwa. Akasema, "Hii mbao iko ya kwetu." Mzee akamuuliza kwenu wapi. Akasema Beni. Mzee akasema, ndiyo, zinatoka huko huko, zinapitia Kasindi, zinaingia Mpondwe, Kasese, Kampala, Jinja, mpaka hapa. Kaka akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Akasema, "Njia ile ile. Mimi nilipita na miguu. Hii ilipandishwa gari, na barua ya ruhusa ikapewa."

Tukauliza bei. Kwa ua wa mita tano kwa nne, pamoja na boriti za chini, libuyu ingetaka zaidi ya mara mbili ya pesa yetu yote. Mkalitusi tungeumudu. Tulirudi Tororo kwenye matatu kimya, kila mtu na hesabu yake kichwani.

Kesho yake tulimwita fundi. Huyu ni jirani, Mpadhola, mtu wa maneno machache. Tukamweleza habari ya deki ya mkalitusi. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaokota kijiti akachimba pembeni ya ukuta, pale Mama anapoweka kuni. Mchwa wakatoka. Akatuuliza, "Nyinyi mnapenda kumbikumbi?" Tukasema sana. Nani huku asiyependa kumbikumbi, mvua ya kwanza ikinyesha watoto wote wako nje na mabeseni. Akasema, "Basi hawa ndio mama zao. Wakimaliza kuni za Mama watakuja kwenye deki."

Akatufundisha mambo ambayo tunawaandikia hapa yawafae. Mkalitusi mbichi usiotiwa dawa, ukigusa udongo wa huku, mchwa na uozo hawaupi muda mrefu. Watu wanaupaka oili chafu ya gari, inasaidia kidogo, lakini inanuka na inachafua nguo, na pale panakaa chakula na watoto. Mvule ungestahimili mchwa, ila mvule ni ghali kama libuyu au zaidi. Mbao yoyote ya nje lazima iinuliwe isiguse ardhi, na iachiwe nafasi ndogo kati ya ubao na ubao ili maji yapite na hewa iingie. Na nguzo zake za chini lazima zikae juu ya kitu. Kitu gani? "Zege," akasema. "Hata mbao itakuomba saruji."

Halafu akaonyesha jiko la makaa la Mama. Cheche moja ikiruka usiku ikaingia kati ya mbao, chini kuna majani makavu na takataka zilizopita kwenye nafasi, mtaamka na nini? Hapo hakuna aliyejibu.

Akatupigia hesabu ya zege. Ua wa mita tano kwa nne, unene sentimita kumi, ni mita za ujazo mbili. Kwa kipimo cha moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, inataka mifuko kama 13 ya kilo 50. Siku hiyo mfuko ulikuwa 33,000, kwa hiyo 429,000. Mchanga, kokoto, mawe ya chini na usafiri 480,000. Ufundi 150,000. Jumla 1,059,000. Pesa ilitosha na chenji ikabaki.

Kwa akili ya kawaida mambo yangeishia hapo, lakini Jumapili kwenye kikao kaka wa Beni alisimama, na huwa hasimami. Alisema hivi, kwa kadiri tunavyokumbuka: "Mimi sipingani na fundi. Lakini zege haing'oki. Tukiimwaga, tumempa mwenye nyumba franga zetu zote, na tumesema kwamba sisi ni watu wa hapa. Mimi sijasema hivyo. Kesi yangu iko inangoja, na hata isipokubalika, nina kwetu. Siwezi kuchanga juu ya nyumba ya mutu. Munirudishie sehemu yangu."

Tulikasirika, tusiwafiche. Mmoja alimwambia, umekula hapa bure mara ngapi? Mwingine akasema, huyo anajiona ameshafika Marekani. Maneno yakapanda. Watoto wa jirani wakaja kuchungulia kwenye ua.

Mama alikuwa anakanda unga. Hakuacha kukanda. Akasema, "Mwacheni." Halafu akaendelea, polepole: "Mimi kule Mulanda nilikataa kuchimba hata shimo la takataka. Nilisema narudi wiki ijayo. Tukapelekwa Kiryandongo, wenzangu wakapanda miembe. Mimi nikasema mwembe unachukua miaka, nani atakuwepo? Sasa watoto wao wanakula maembe. Mimi maembe nanunua sokoni. Miaka 17 sasa. Nimechoka kungoja kesho nikiwa nimesimama kwenye matope."

Tulidhani imekwisha, kwa sababu Mama akishasema huwa imekwisha. Lakini kaka alimjibu, kwa heshima, akimtazama chini: "Mama, wewe ulikataa kupanda mwembe. Mimi yangu nilipanda. Iko kule, mikubwa. Sijui nani anakula."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mama akaacha kukanda, akafuta mikono. Akasema, "Mrudishieni pesa yake. Yote. Na mtu asimtupie neno."

Tukamhesabia 130,000 mkononi. Tukabaki na 1,040,000, tukiwa tumepungukiwa 19,000. Fundi alipoambiwa alifikiri kidogo akasema atazila kwa chapati. Na alizila kweli, hadi ya mwisho, daftari la Mama lina ushahidi.

Jambo moja alilosema kaka lilibaki kichwani mwetu, maana lilikuwa la kweli: zege ni ya mwenye nyumba. Ndugu zetu, hili tunawaomba mlishike. Ukitia mali yako kwenye nyumba ya kupanga bila maandishi, unaweza kujenga leo, kesho kodi ikapandishwa kwa sababu nyumba imekuwa nzuri. Imeshatokea kwa watu tunaowajua. Kwa hiyo kabla ya kununua hata mfuko mmoja tulienda kwa Nyanya mwenye nyumba, tukiwa na sukari kilo mbili.

Nyanya alifurahi kusikia ua wake utatiwa sakafu, nani asingefurahi. Tukamwambia, Nyanya, tunaomba tuandikishane. Mwanzoni uso ulibadilika, akauliza kama hatumwamini. Mama akamwambia, "Nyanya, tunakuamini wewe. Lakini sisi sote tunazeeka, na wanao hatuwajui." Akacheka, akakubali. Tukaandika nakala mbili: sakafu itabaki ya nyumba, kodi haitapandishwa kwa miaka miwili, akitutoa kabla ya miaka miwili, atarudisha nusu ya gharama. Tukaisoma kwa sauti kwa Kiingereza, kijana wa jirani akamtafsiria Kidhopadhola, wakatia sahihi mbele ya mwenyekiti wa LC1, naye akapiga muhuri. Nakala moja anayo Nyanya, nyingine iko kwa Mama ndani ya Biblia.

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu. Siku ya kwanza tulikwangua udongo wa juu ule mweusi, tukashindilia moramu, tukapanga mawe tukayagonga. Siku ya pili tukaweka mbao za pembeni na kamba. Fundi alisisitiza mteremko: kila mita moja ishuke sentimita moja na nusu kuelekea mtaro wa nyuma. Alituambia sakafu iliyolala sawa kabisa ni bwawa. Na mtaro usielekee kwa jirani, hapo ndipo vita vya mitaa vinapoanzia.

Siku ya tatu tukachanganya. Mfuko mmoja wa saruji kwa jerikeni tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto, jerikeni ya lita 20 iliyokatwa mdomo. Unageuza kavu mara tatu mpaka rangi iwe moja, ndipo maji. Sisi tulitaka kumwaga maji mengi ili iwe laini, mikono ilikuwa imeshachubuka. Fundi alitukemea: maji mengi yanafanya kazi rahisi leo na sakafu mbovu kesho. Katikati akaacha mstari wa kugawa sakafu mara mbili, ili ikinywea kwa jua ipasukie pale kwenye mstari na si popote inapotaka. Jioni kuku wa jirani alipita juu yake akiwa na haraka zake. Nyayo zake ziko hadi leo, pembeni ya jiko.

Halafu akatuachia amri: mwagieni maji asubuhi na jioni, siku saba bila kukosa, funikeni na magunia yaliyolowa. Saruji haikauki kama nguo, inakomaa kwa maji. Ikikosa maji siku za mwanzo inakuwa dhaifu na kupasuka pasuka, na saruji iliyokosa maji haina rufaa.

Siku tatu tulimwaga. Siku ya nne simu zikaanza kulia: wenye makaratasi ya Kiryandongo wote wanatakiwa kule kuhakikiwa, na asiyeonekana jina lake linaweza kuondolewa. Kwa hiyo Mama, na sisi, na hata yule wa Sudan Kusini, tulipanda basi usiku ule ule. Tulikaa kule siku nne. Kila jioni kwenye foleni tulikuwa tunaongea habari ya sakafu. Jua lilikuwa kali. Mama alikuwa anahesabu kwenye vidole, siku ya tano, siku ya sita, na anatikisa kichwa. Pesa ya watu wanane ilikuwa inakauka kule Tororo.

Tulirudi alfajiri. Tulienda uani moja kwa moja na tochi ya simu, hata mabegi hatujatua. Magunia yalikuwa yamelowa. Maji yalikuwa bado yanameremeta pembeni. Jerikeni mbili zimepangwa ukutani, na kaka wa Beni amelala kwenye benchi la hoteli, shuka usoni. Makaratasi yake ni ya Kyangwali, yeye hakuitwa. Alikuwa akisomba maji kutoka kwenye pampu ya mkono asubuhi na jioni, na mchana mara moja zaidi kwa sababu ya jua.

Tulimuuliza, si ulisema huchangi? Akajibu, bila kufungua macho vizuri, "Maji si franga."

Mama aliingia ndani akawasha jiko. Hatukumsikia akisema kitu, ila asubuhi ile kaka alipewa mayai matatu, na sisi moja moja.

Sakafu imeshika. Mvua imekuja na kwenda, na maji yanakimbilia mtaroni kama fundi alivyosema. Mchana zege inapata joto, hilo ni kweli, mbao ingekuwa nzuri zaidi kwa miguu mitupu, kwa hiyo Mama amefunga turubai la kivuli upande mmoja. Watoto wanaandika wakiwa wamekaa. Yule mzee aliyeungua amerudi, na kila akiingia anaipiga sakafu kwa fimbo yake kwanza.

Tunasikia mnauliza, basi jibu ni zege? Kwetu sisi, kwa jiko la makaa, kwa mchwa wa Tororo na kwa kisanduku chetu, ndiyo. Kwako pengine ni mbao: kama mbao nzuri ni rahisi kuliko saruji, kama ardhi ina mteremko mkali, kama mwenye nyumba hataki kuandikishana. Kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, huwa mnatuuliza tunahitaji nini, na tunawashukuru. Tunaomba muongeze maswali mawili: mnadhani mtakaa hapa muda gani, na mkiondoka nani atabaki nacho? Watu wa meza moja wanaweza kujibu tofauti, na wote wakawa wakweli. Sisi tulidhani kaka anatukataa, kumbe alikuwa anajibu swali ambalo sisi hatukutaka kuulizwa.

Mkiuliza zile 130,000 zilienda wapi, alirudi nazo Busia peke yake, kwa yule mzee mwenye kalamu sikioni. Alikuja na mbao za libuyu juu ya boda boda, yeye amekaa nyuma amezikumbatia. Akazipiga randa siku mbili pale pale juu ya zege yetu, akatengeneza benchi. Refu, linakaa watu watano. Hakutumia misumari. Alitumia bolti nne, ili lifunguke.

Kesi yake bado inangoja. Spana ya zile bolti iko kwa Mama, kwenye kopo la chumvi. Kila mtu anajua iko pale, na bado hakuna aliyeigusa.

Ukipita Tororo, ulizia chapati za Mama. Matope hakuna tena.